Kuweka mpaka kwenye mahusiano: useme mwenyewe, umtume mtu, uandike meseji au ukaushe tu?

Jioni moja hivi karibuni tunafunga magunia pale soko la Soweto hapa Mbeya, rafiki yangu tunayeuza naye mchele akanipa simu yake nisome meseji aliyotaka kumtumia mumewe. Ilikuwa ndefu kweli, kaanzia mwaka waliooana, kapitia ugonjwa wa mtoto, kagusa na mambo ya mawifi, mwisho kabisa ndo linakuja lenyewe: naomba usitoe tena hela kwenye simu yangu bila kuniambia. Mume anaijua namba yake ya siri tangu zamani, na mwezi ule peke yake alishaenda kwa wakala mara tatu kutoa hela ya mtaji, yeye anakuja kujua asubuhi gari la mchele limeshafika toka Kyela na hela haitoshi, anasimama anaangalia wenzake wanapakua. Akaniuliza, "Dada, nitume hii au nimpigie shangazi yake kule Tukuyu aongee nae?"

Sikumjibu palepale. Nilimwambia asitume kitu usiku ule, alale kwanza. Lakini swali lake nimelibeba siku kadhaa, maana hata mimi nimelikosea mara nyingi, na naona watu wengi tunajua kabisa tunataka mpaka gani, tunachokosea ni njia ya kuuweka. Unachagua njia isiyofaa, mpaka unageuka ugomvi, halafu unasema kumbe haya mambo ya mipaka hayafanyi kazi kwenye familia zetu. Kwahiyo nimeona nizilinganishe hizi njia nne tunazotumia huku kwetu, ipi inafaa wapi, ili mtu ukikwama ujue uanzie wapi.

Kabla sijaenda mbali, tuelewane mpaka ni nini, maana watu wanachanganya mpaka na amri. Ukimwambia mpenzi wako "sitaki uongee na mwanaume yeyote", hiyo ni amri, unatawala mwili na mdomo wa mtu mwingine. Ukimwambia "simu yangu siitoi isomwe, ukiwa na wasiwasi niulize ntakujibu", huo ni mpaka, unaongelea kitu chako na wewe utafanya nini. Mpaka unausimamia wewe mwenyewe hata mwenzio akikasirika. Amri inamtegemea mwenzio atii, asipotii unabaki kupiga kelele. Nimekaa na kina dada wengi wanasema "nimemwekea mipaka hasikii", ukiuliza mpaka gani, unakuta ni amri, mara "nimemwambia asichelewe kurudi", mara "nimemwambia aache marafiki zake". Sasa akichelewa we unafanya nini? Kimya. Basi hapo mpaka hamna bado, kuna ombi, na ombi ni kitu kizuri ila lina njia yake.

Na wale wanaosema hivi vitu ni vya kizungu, mi huwa nawaambia waulize wazee wa Rungwe. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana hakuwa anakutana uso kwa uso na baba mkwe, akimuona anakuja anapisha njia, anajifunika, hata jina lake halitaji. Na wavulana wakifika kama miaka kumi hivi walikuwa wanaenda kujenga kijiji chao pembeni wa rika moja, wanalala huko, kula ndo wanarudi kwa mama zao. Sisemi turudi huko, mwanamke kujificha kwenye migomba kila baba mkwe akipita ni mzigo mzito na nashukuru umepungua. Nachosema ni kwamba wazee walijua kabisa watu wanaopendana wakibanana sana wanaharibiana, wakaweka nafasi katikati, na kila mtu aliijua bila kuuliza. Siku hizi tumehamia mjini, chumba na sebule Ilomba au Mafiati, mnalala watu sita humo, ile nafasi ya zamani imeondoka na hakuna aliyetuambia ya sasa tunaiwekaje. Inabidi tuitamke.

Sasa njia zenyewe.

Kusema mwenyewe, mdomo kwa sikio

Hii ndo ngumu kuliko zote na ndo naipa nafasi ya kwanza kwa mume, mke, mchumba na rafiki wa karibu. Sababu yake ni moja tu, kwa mtu mnayelala naye kitanda kimoja, mpaka ukiletwa na mtu mwingine unamuuma kuliko mpaka wenyewe. Atasahau ulichotaka, atakumbuka kwamba shangazi kakijua kabla yake.

Nikupe yangu. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuja toka Kyela akasema anakaa wiki mbili anatafuta kazi. Ikawa mwezi, ikawa miezi saba. Kijana mwenyewe mzuri tu, hana matusi, ila alikuwa anaingia chumbani kwetu kuchaji simu maana soketi ya sebuleni ilikuwa imekufa, anaingia hata mi najifuta maji, anasema "samahani shem" anatoka, kesho tena. Nikawa namnunia. Naweka sahani kwa nguvu. Mume akiniuliza kuna nini nasema hamna kitu. Miezi saba ya hamna kitu.

Siku niliyosema nilisema hivi, baada ya kula, mtoto kalala, shemeji katoka: "Baba, mi nampenda shemeji na sina shida akae. Chumbani kwetu sitaki mtu mwingine aingie. Kuanzia kesho mlango naufunga na funguo, naomba umwambie we mwenyewe kabla hajaukuta umefungwa." Basi. Mume alikaa kimya nikasikia mpaka mbwa wa jirani, halafu akasema kumbe hilo tu, mbona hukusema. Kesho yake akanunua soketi ya elfu tatu na mia tano akamuita fundi.

Nikiliangalia sasa naona vilivyosaidia. Nilianza na kilicho salama, kwamba sina shida na shemeji. Mpaka wenyewe ulikuwa sentensi moja fupi, sikuanza kueleza kila siku aliyoingia na nguo niliyokuwa nimevaa. Nikasema mi ntafanya nini, naufunga mlango. Na wa kumwambia shemeji sio mimi, ni kaka yake, hii ntairudia chini maana ni kubwa.

Muda nao ni nusu ya kazi. Usiseme mtu ametoka tu safari toka Tunduma, kachoka na ana njaa. Usiseme amelewa komoni, atakubali vyote na asubuhi hakumbuki hata kimoja. Usiseme mbele ya watu hata kama ni ndugu zako wa damu, mtu akiambiwa mbele za watu anajibu watu, hakujibu wewe. Na usiseme ukiwa bado unatetemeka kwa hasira, hapo utatoa maneno ambayo ndo yatakuwa ugomvi mpya na mpaka wenyewe utasahaulika.

Ubaya wa njia hii, kwa mtu ambaye ukisema neno anakupandishia au anakutisha, haikufai, na nina sehemu yake huko mbele usiiruke. Ubaya mwingine ni kwamba ukishasema utajaribiwa. Wiki ya kwanza karibu kila mtu anajaribu kama ulimaanisha, sio lazima kwa ubaya, ni mazoea tu. Shemeji aligonga mlango mara mbili asubuhi. Ningefungua siku ile ningekuwa nimemfundisha kwamba mpaka wangu unafunguka ukigonga.

Kumtuma mtu

Huku kwetu hii ndo njia ya heshima na wengi tumelelewa nayo. Mshenga aliyepeleka posa, shangazi, baba mkubwa, wasimamizi wa ndoa, mchungaji au padri. Na nataka nisieleweke vibaya, mi naiheshimu sana hii njia, kuna mahali bila hiyo hutoboi. Huwezi mkamwana ukamwambia mama mkwe ana kwa ana "mama, usiingie jikoni kwangu ukabadilisha vyombo", hata useme kwa sauti ya asali kiasi gani itafika vibaya. Mtu mzima mwenzie akimwambia, "dada, hebu waache watoto wajipange", inapita kama maji.

Kwahiyo kwa wakwe, wazazi, wazee wa ukoo na mambo ya mashamba na mirathi, mtu wa kati anashinda kusema mwenyewe. Anajua lugha, anajua aanze na salamu ndefu na habari za mvua kwanza, na akikataliwa aibu haikurudii wewe moja kwa moja.

Shida yake ni kwamba maneno yanabadilika njiani. Miaka ile nimeolewa tu nilimtuma wifi mmoja akaombe nyumbani kwao wasinipigie simu baada ya saa nne usiku, maana mtoto alikuwa mchanga na simu ikilia analia mpaka saa nane. Nilisema saa nne na nilisema kwa sababu ya mtoto. Kilichofika ukweni ni "kasema hataki tumpigie." Mwaka mzima hawakunipigia, nikafika msibani kule Tukuyu nakuta wananisalimia kwa mbali, mama mkwe ananiambia "karibu mgeni". Mgeni! Ilibidi nikae jikoni siku tatu nimenye ndizi na kuosha masufuria ndo nikapata nafasi ya kueleza kwamba mimi sikusema vile.

Toka siku hiyo nikimtuma mtu nampa maneno machache na namwambia anirudishie, "hebu niambie utasemaje", akinirudishia tofauti narekebisha palepale. Na namtuma mtu ambaye hana chake kwenye hilo jambo. Wifi alikuwa na kesi zake na mama yake, akapitishia na zake mgongoni kwangu.

Shida ya pili inauma zaidi, ukimwita mtu mmoja huwezi kujua watakuja wangapi. Ulitaka shangazi aseme neno, unakuta kikao cha watu tisa sebuleni, soda zimenunuliwa, na mwisho wa kikao jibu ni "vumilia, ndoa ndo zilivyo". Kama jambo lako ni la chumbani, la mwili wako, la uzazi wa mpango, la hela zako wewe na mwenzio, fikiria mara mbili kabla hujaliweka kwenye kikao, maana halitatoka tena.

Na hapa ndo ile kanuni niliyosema ntairudia. Kati ya kusema mwenyewe na kumtuma mtu kuna njia ya katikati ambayo kwa mambo ya wakwe mi naiona bora kuliko zote, kila mtu aongee na damu yake. Mama mkwe anaongea naye mume, maana mtoto akimkatalia mama yake mama anakasirika leo, jumapili wamepatana. Mama yangu mimi kule Kilolo, naongea naye mimi. Mama alikuwa anapenda kumpigia mume wangu moja kwa moja kuomba hela ya mbolea, nikampigia jioni moja, "Kamwene mama", tukaongea ya shamba, kisha nikamwambia mama hela ya mbolea niombe mimi, mkweo usimpigie, nikikosa ntakwambia nimekosa. Alinuna kama siku nne. Ningemwambia mume amwambie ingekuwa vita ya koo mbili.

Sharti la njia hii, mwenzio akiongea na kwao aseme "mimi nimeamua" au "sisi tumeamua". Akienda akasema "mke wangu hataki", amekuuza. Hilo mkubaliane kabla hajashika simu.

Meseji

Hii nitaenda haraka. Meseji ni nzuri kwa namba na tarehe, ni mbaya kwa hisia. Ndugu akikuomba mkopo, andika: "Ntakupa laki moja, nirudishie tarehe 30, baada ya hapo mpaka irudi sitaweza kukopesha tena." Hapo meseji inashinda mdomo, maana miezi mitatu baadae hakuna wa kusema hatukukubaliana hivyo. Pia inawafaa wanaokaa mbali, wale waume zao wanaendesha malori wanakaa foleni Tunduma siku nyingi, huwezi kusubiri arudi kila kitu, ila jambo likiwa zito bora umpigie uongee au utume voisi noti asikie sauti yako, kuliko maandishi ambayo anayasoma na sauti aliyonayo yeye kichwani, na akiwa na hasira anayasoma kwa hasira.

Kabla hujatuma fikiria skrinishoti. Chochote unachoandika kuhusu mumeo au mama mkwe kinaweza kufika kwenye grupu la familia kabla chai haijapoa. Kwa vijana ambao bado wanachumbiana, mtu anaomba picha za utupu, meseji ya neno moja inatosha, "situmi", na usiweke sababu, maana ukiweka sababu anaanza kuijibu sababu. Hajaridhika, akasema basi hunipendi? Usijibu hiyo. Anayekupenda hiyo sentensi haimtoki.

Kwa mtu anayekutishia, meseji zake usifute hata kama zinakuumiza kuziona. Zitunze, mpe na mtu unayemwamini nakala.

Kukausha na kubadilisha vitendo tu

Yani husemi kitu, unabadilika. Simu unaiweka kimya saa tatu usiku. Rafiki anayekuja dukani kila siku kusengenya unamjibu huku unapima mchele, hukai naye. Jirani anayekopa chumvi, mafuta, mkaa, unasema leo sina. Kwa mambo madogo na watu wa pembeni mi nasema hii inatosha kabisa, sio kila kitu kinahitaji hotuba, na watu wengi wanaelewa bila kuambiwa, wanajirekebisha na urafiki unabaki.

Kwa mume au mke usiitumie. Nasema hivi kwa moyo wote maana nimeiishi ile miezi saba. Kukausha ndani ya nyumba kunaitwa kununa, na mwenye kununa anadhani amesema wakati mwenzie hajasikia kitu, anaona tu sahani zinagongwa. Sasa mwenye mpaka anazidi kuumia kwa sababu "hajali", na mwenzie anazidi kujitetea kwa sababu "nimekosa nini". Na ukija kulipuka siku moja unalipuka kwa kijiko, mtu anashangaa, kijiko tu ndo hivi?

Tuchukue jambo moja tulipitishe kwenye njia zote nne

Hela za ndugu. Kila mtu wa huku analijua. Mchele ukianza kutoka Kyela na Mbarali, viazi vikitoka Uyole na Umalila, simu zinaanza kulia, "nasikia mmevuna". Januari shule zikifungua, zinalia tena.

Ukikausha, husikii simu, ndugu wanasema unajivuna, na siku una msiba wako wanakuja wachache. Ukituma mtu akawaambie huna hela, wanajua una duka, wanaona umewadharau mpaka umetuma mtu. Ukiandika meseji kwenye grupu la familia kwamba kuanzia sasa sitoi, unakuwa stori ya ukoo mzima mwaka huo. Ukisema mwenyewe kwa kila mmoja akipiga, inafanya kazi lakini unachoka, na kila simu unajisikia vibaya upya.

Kilichonisaidia ni kuchanganya. Mimi na mume tulikaa mwanzo wa mwaka tukatenga elfu hamsini kwa mwezi ya shida za ndugu, upande wote, imeandikwa kwenye daftari. Ndugu wa upande wangu akipiga najibu mimi, wa kwake anajibu yeye. Ikiwepo tunatoa kwa furaha kabisa, ikiisha jibu letu ni moja: "Ya mwezi huu imeisha, piga tarehe moja." Sio uongo, ndo maana linatoka mdomoni bila kigugumizi. Ugonjwa wa ghafla na msiba viko nje ya hiyo, tunakaa tunaongea upya. Wengine walikasirika, mmoja bado, lakini wengi wameshaizoea, wanapiga tarehe moja kweli.

Kwenye hela kati ya mume na mke kuna kitu wengi hawakijui. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kifungu cha 58 inasema ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali, yani kilichokuwa chako hakigeuki cha mwenzio kwa sababu mmeoana, na ndani ya ndoa mtu anaweza kuwa na mali yake. Kifungu cha 59 nacho kinamzuia mmoja kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila mwenzie kukubali. Sikushauri umtajie mumeo vifungu mezani, utasikia "umeanza kunishtaki", ila ukijua sheria imesimama wapi unaongea umetulia, hujisikii mwizi kwa kusema mtaji wangu ni mtaji wangu.

Pale ambapo njia zote nne hazifai

Kama mtu anakupiga, anakutishia kukuua, anakufungia ndani, anakulazimisha kitandani, tafadhali usikae umpange jinsi ya kumwambia vizuri. Usisome hapa juu ukadhani ungechagua muda mzuri asingekupiga. Kifungu cha 66 cha sheria hiyohiyo kinasema hata kama kuna mila inayoruhusu, hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Hapo usitangaze mpaka mkiwa wawili nyumbani na mlango umefungwa. Ondoka kwanza na watoto uende mahali salama, halafu nenda polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, au ofisi ya ustawi wa jamii, ukiumia upate na matibabu mapema. Kwa mtoto anayeumizwa namba ni 116, bure.

Kuna na baraza la usuluhishi la ndoa kwenye kata, na ukitaka talaka kwa kawaida mahakama inataka mpite hapo kwanza, ndo kifungu cha 101. Ni zuri kwa migogoro ya matunzo, hela, kutelekezwa. Lakini mtu akiwa ameshavunjika mkono, kumrudisha sebuleni kwenye kikao cha "yamalizeni" ni kumrudisha kupigwa. Wazee wangu mnisamehe, hili nalisema wazi kwa sababu nimebeba jeneza.

Sasa rafiki yangu

Kesho yake asubuhi tulikaa juu ya magunia tukaipitia. Shangazi wa Tukuyu tukamtoa, hela ya mtaji ni jambo la wawili. Meseji ndefu tukaitoa. Kukausha alishajaribu, alikuwa anaficha laini kwenye soksi na mume anaipata. Ikabaki mdomo.

Tukabishana kidogo kuhusu namba ya siri, aibadilishe kabla ya kumwambia au baada. Mi nilisema baada, ili asione kategwa. Yeye akasema, "Dada, nikimwambia leo nikabadilisha kesho, usiku ataenda kwa wakala." Yeye ndo anamjua mumewe, na nadhani alikuwa sahihi. Akabadilisha palepale, akamtumia meseji ya mstari mmoja tu: "Baba, jioni tukishakula nina neno nataka tuongee, sio baya."

Jioni akamwambia. Mtaji wa mchele hauguswi, namba nimebadilisha leo asubuhi nikaona nikwambie mwenyewe kabla hujaenda kwa wakala, ukikwama niombe, nikiwa nayo ntakupa. Anasema mume aliacha kula. Akauliza, kwahiyo mimi mwizi? Akamjibu sijasema hivyo, nimesema mtaji usiguswe. Akatoka nje akakaa kwenye baridi, hii ya mwezi wa saba ya kwetu mnaijua, akarudi akalala bila neno.

Siku ya tatu alikuja dukani na pikipiki yake. Alisalimia, akasimama anachezea mchele kwenye debe, akauliza kama kuna elfu kumi ya mafuta, atarudisha jumamosi. Rafiki yangu akampa. Alipoondoka akavuta daftari la madeni akaiandika chini ya mama mmoja wa Kabwe anayedaiwa sado mbili, jina, kiasi, siku. Jumamosi saa kumi elfu kumi ikarudi, akachukua kalamu akapiga mstari.